Naamka saa tisa usiku, Embiid hayupo

SWALI
Kaka Mhariri wa michezo, salaam. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga na timu yangu ni Philadelphia 76ers (Sixers) ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, tangu enzi za nyota wao Allen Iverson. Mechi zao nyingi kwetu huanza saa tisa usiku, hivyo nalala mapema, naamka, natazama kwenye simu bila sauti ili watoto wasiamke, kisha asubuhi nakwenda kazini. Msimu wa 2024-25 tuliahidiwa makubwa: Joel Embiid, Tyrese Maxey, na Paul George aliyesajiliwa kwa dola milioni 212 za miaka minne. Tumeishia kushinda mechi 24 na kupoteza 58. Kila nikiamka, Embiid hayupo. Leo goti, kesho goti. Mwishoni hata Maxey hayupo, wanacheza vijana nisiowajua majina. Je, walikuwa wanapoteza makusudi? Wenzangu kijiweni wananiambia nihame timu.
Shabiki wa Sixers, Tanga

JIBU
Kasirika, ndugu yangu, haki unayo. Ila kufungwa kwenyewe kunaeleweka. Embiid alichanika goti la kushoto Januari 2024, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani Aprili, halafu akaenda Olimpiki ya Paris na kutwaa dhahabu na Marekani. Septemba klabu ikamwongezea mkataba wa dola milioni 193 kwa miaka mitatu. Mtu wa miaka 30, mwili mkubwa vile, goti lile! Msimu mzima akacheza mechi 19. George, mwenye miaka 34, aliumia goti kabla hata ligi haijaanza, akaishia mechi 41. Hata chipukizi Jared McCain, aliyekuwa ametupa raha ya pointi 15 kwa mechi, goti lake lilichanika Desemba. Kwa kikosi hicho simlaumu kocha Nick Nurse kwa matokeo.

Ninacholaumu ni maneno ya uongozi. Msimu ulipoanza walitoa kauli kuhusu afya ya Embiid zisizolingana na hali yake, na Oktoba 2024 ligi ikaitoza klabu faini ya dola 100,000. Kwao hizo ni fedha ndogo. Aliyelipa ni wewe, uliyekatiza usingizi kwa kuamini mtu yuko karibu kurudi, wakati kesho yake unapanda nguzo. Mpaka mwisho wa Februari 2025 ndipo walipotangaza kwamba hatacheza tena msimu huo. Mchezaji kuumia ni bahati mbaya; kumficha shabiki ukweli ni dharau, na hilo halikuhitaji goti zima kulirekebisha.

Kuhusu kupoteza makusudi, siwezi kuingia mioyoni mwao, lakini tazama hesabu. Kwenye drafti, zoezi la klabu kuchagua wachezaji chipukizi, waliofanya vibaya zaidi ndio wenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Chaguo lao la drafti ya 2025 lilikwishaahidiwa klabu ya Oklahoma City tangu walipomhamishia huko mchezaji Al Horford mwaka 2020, isipokuwa liangukie ndani ya nafasi sita za kwanza. Kwa hiyo kila ushindi wa mwisho wa msimu ungeweza kuwagharimu. Na Philadelphia wanaijua njia hiyo: 2015-16 walishinda 10, wakapoteza 72, huku mashabiki wakiambiwa wavumilie. Safari hii wamepata nafasi ya tatu, ileile waliyomchukulia Embiid mwaka 2014, wakamchagua VJ Edgecombe wa Bahamas. Kijana anaruka hasa na nina hamu ya kumwona. Lakini ligi inayomzawadia aliyefungwa inamdhulumu mtu kama wewe, na sitaacha kulisema.

Usihame. Maxey katika mechi zake 52 alifunga wastani wa pointi 26, bila msaada wa kutosha, na timu yenye mchezaji huyo haifai kutupwa. Kengele tu ndiyo uitege kwa akili. Klabu zinalazimika kupeleka taarifa ya majeruhi kwa ligi, kwa kawaida jioni ya siku moja kabla ya mechi kwa saa za kwao, na ligi huichapisha. Kwetu asubuhi inakuwa tayari ipo, ingawa hubadilika kadiri mechi inavyokaribia. Isome tena kabla hujalala. Ukiona Maxey na Edgecombe wamo, amka.