Bado Naitwa kwa Jina Lake

Kwa miaka 21 nimekuwa Baba Fulani. Huyo Fulani ni kijana wangu wa kwanza. Jina lake naliacha nyumbani, ila mtaani kwetu hakuna aliyenijua kwa jingine, kuanzia mama wa genge mpaka fundi baiskeli. Mwaka juzi alipata ajali ya pikipiki usiku, akitoka mazoezi ya kwaya. Tulimsafirisha kutoka Dar mpaka Moshi, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba ya babu yake.

Tuliporudi mjini, jina lilikuwa limebadilika. Huyu ananiita mzee, yule kaka, mwingine ananiita kwa jina la binti yangu, mdogo wake marehemu. Najua hawakuwa na nia mbaya, waliogopa kunitonesha kidonda. Lakini nilikuwa nikifika nyumbani naketi kitandani, nasema jina langu mwenyewe kwa sauti ndogo, Baba Fulani, ili nilisikie.

Mzazi mwenzangu uliyefiwa, kama na wewe yamekupata haya, waambie watu. Mke wangu alinitangulia kwa ujasiri. Siku moja kwenye jumuiya alisimama akasema, "Mimi bado ni Mama Fulani, naomba mniite hivyo." Akakaa. Tangu siku ile wanamwita hivyo, na mimi nikafuatishwa humo humo.

Swali lililonisumbua zaidi ni lile la watu wasiotujua: "Una watoto wangapi?" Mara ya kwanza nilijibu wawili, nikakosa usingizi usiku kucha. Mchungaji wetu ndiye aliyenifungulia Ayubu sura ya mwisho, pale Mungu anapomrudishia Ayubu baada ya kupoteza mali na watoto wake wote. Kondoo walikuwa 7,000, wakawa 14,000. Ngamia 3,000, wakawa 6,000. Kila kitu kilirudi mara mbili. Ila watoto walikuwa 10 mwanzoni, na wakazaliwa wengine 10, si 20. Mchungaji akasema wale wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea kama ngamia. Wapo kwa Mungu. Wengine wanaweza kuisoma tofauti, lakini mimi nimeishika. Sasa najibu watatu, na anayetaka kujua zaidi namweleza.

Ayubu huyo huyo watu wanamtumia vibaya misibani. Kabla hata jeneza halijafungwa utaambiwa "Bwana alitoa na Bwana ametwaa", au "kazi ya Mungu haina makosa, usilie." Lile neno la kwanza Ayubu alilisema mwenyewe, hakuna aliyemsukumia mdomoni. Na sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno, na hapo walifanya vema. Walipoanza kumfafanulia Mungu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Kwa hiyo lia, tena lia mbele za Mungu. Mimi nilimwuliza maswali ambayo sikuthubutu kumwuliza mtu, na sijaona kwamba amenifukuza.

Wanaume wenzangu, hapa nawasihi. Wakati akina mama wako ndani kwenye mikeka wanalia, sisi tuko nje chini ya turubai tunapanga bajeti, gari la kubeba mwili, chakula cha wageni. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii mpaka wakanisifu nimejikaza. Miezi mitatu baadaye nikiwa nafunga kamba za viatu asubuhi, nilishindwa kuinuka. Presha ilikuwa juu. Nilihitaji daktari na nilihitaji mchungaji, na sioni aibu kumtaja yeyote kati yao.

Suala la vitu vyake, msiharakishwe. Ndugu walitaka nguo zigawanywe kabla hatujatoka kijijini, tukakubali kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kubishana. Zilibaki kandambili zake za bluu pale mlangoni Dar, ya kulia imelika kisigino. Mimi nilitaka ziondolewe, sikuweza kuziona. Mke wangu aliziosha, akazianika, akazirudisha palepale. Tuligombana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hatukuwa tukiomboleza kwa mwendo mmoja, na kwamba hakuna kati yetu aliyempenda zaidi.

Na wewe unayetaka kutufariji, njoo pia baada ya turubai kushushwa. Mwezi wa tano baada ya msiba kijana mmoja wa kwaya alikuja, akanisimulia jinsi mwanangu alivyokuwa akiwahi kuingia kwenye sauti ya tatu, kila wimbo, mpaka mwalimu akamsimamishia mtu wa kumshika bega. Nilicheka. Jikoni nikamsikia mama yake naye anacheka. Kijana akashtuka, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia, "Endelea, baba, endelea."