Barua kwa mwanangu: jina la mjukuu

Mwanangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza Bilali maana yake nini, na kama jina hilo lina uzito wowote katika dini, maana mumeo anataka Rayan na mama mkwe wako kasema Bilali ni jina la kizamani.

Maana yake ni fupi: maji, umajimaji unaolowesha kilichokauka. Na kwa Rayan hamtakosea, huo ni mlango wa peponi watakaoingilia wafungaji. Kama ulitaka maana tu, basi. Lakini tangu u mdogo nakwambia, mtu ndiye hulipa jina uzito. Bilali bin Rabah alikuwa mtumwa Makka, mama yake Mhabeshi. Umayya bin Khalaf akamlaza kwenye mchanga wa jua kali, jiwe kifuani, ili aikane dini, naye hana jingine ila "Ahad, Ahad", yaani Mungu ni Mmoja. Abubakar akamnunua, akamwacha huru. Makka ilipofunguliwa, mwaka 630, yeye ndiye aliyepanda juu ya Al-Kaaba akaadhini. Na jina lile lile la utumwani Mtume hakulibadili.

Hilo la "kizamani" nalijua linakotoka.

Kabla sijamposa mama yako niliposa kwingine (anajua, usiogope). Babu yako alikwenda mwenyewe pamoja na washenga, kanzu kaipiga pasi ya mkaa, mimi nimeketi karibu na mlango. Mzee wa mle ndani akauliza nasaba. Babu akataja: mimi, yeye, baba yake Feruzi. Yule mzee anazungusha tu kikombe cha kahawa, hanywi. "Feruzi bin nani?"

"Bin Abdalla."

Akacheka kidogo. "Aa. Hao wote huwa bin Abdalla."

Wewe mtoto wa Pangani, unajua akina Feruzi, Mabruki na Almasi walivyopata majina. Aliyemnunua mtu ndiye aliyemwita, na asiyejulikana babake akaitwa bin Abdalla, mja wa Mungu, na utumwa Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka 1922. Babu yako aliimaliza kahawa yake, akashukuru, tukatoka. Posa tulipeleka Rajabu. Ramadhani haijaandama, binti kaolewa na mwingine.

Binti hakuniuma sana, Mungu alikuwa na mama yako. Lililoniuma ni Abdalla. Hadithi imo katika Sahihi Muslim, kwamba majina ayapendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni Abdalla na Abdurahmani. Mzee yule alikuwa akisomesha watoto, hadithi hiyo anayo kichwani, na bado akaligeuza jina hilo tusi mbele ya baba yangu! Jibu sikuwa nalo. Miaka baadaye, darsani, nikasikia kauli ya Umar: "Abubakar ni bwana wetu, naye alimwacha huru bwana wetu," akimkusudia Bilali. Nikatamani nirudi barazani pale na kauli hiyo, lakini mzee keshakufa, Mungu amrehemu. Nasema amrehemu kwa kuwa ndivyo inavyopasa.

Utaniambia, baba, kama uzito uko kwa mtu, jina unaling'ang'ania la nini? Hata mimi najiuliza. Kuna na yule sahaba Hazn, jina lenye ugumu ndani yake. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, yaani mwepesi. Akakataa kubadili jina alilopewa na babake, na mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, akaja kusema ugumu ule haukuwatoka ukoo mzima. Kwa hiyo jina nalo lina lake. Haya, nimejipinga mwenyewe. Lakini Feruzi aliitwa kwa thamani ya kito, akafa akiheshimiwa msikitini kwake, na heshima hiyo hakupewa na jina. Mtu, Zuhura, mtu ndiye hulipa jina uzito.

Kumpa mtoto jina ni haki ya babake, mimi siingii. Mkimwita Rayan, nitamwita Rayan na kumpakata vilevile. Mama mkwe wako mheshimu, barua hii usimsomee. Ila mumeo, siku atakapomwadhinia mwanawe sikioni, mwulize kazi hiyo ya kuadhini alianza nani. Basi. Nimesema siingii.

Pesa za mbuzi wawili wa akika nimeshaziweka. Nunueni hukohuko Mombasa, kuvusha mbuzi Horohoro ni usumbufu mtupu. Nywele mkishamnyoa zipimeni, mtoe sadaka ya fedha kwa uzito wake, msikisie kwa macho. Na nipigie mapema, tiketi ya basi nisiikose.

Baba yako.