Yadi ya uainishaji, au yadi ya kuchambulia?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri maelezo kuhusu yadi ya Bailey huko North Platte, Nebraska, Marekani, ambako treni za mizigo hufumuliwa na behewa zake kuundiwa treni nyingine. Nimeandika “yadi ya uainishaji”, na kile kilima ambacho behewa hupitishwa juu yake nimekiita “nundu”. Mwenzangu asema nimekosea yote mawili. (Msomaji, Changamwe)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amesema kweli.

Kuainisha kumetoka kwenye aina. Ukiainisha nomino, unaitia kila moja katika ngeli yake. Yadi haiulizi aina. Behewa la ngano, la mafuta na la mbao yatasimama njia moja maadamu yote yanakwenda upande mmoja, na matangi mawili pacha yataachana ikiwa moja ni la Chicago na jingine ni la Denver.

Itazame kazi yenyewe. Injini inausukuma msururu kwa nyuma, polepole, hadi kileleni. Hapo kiungo kinafunguliwa na behewa linaachiwa literemke kwa uzito wake. Njiani breki zilizofungwa relini zinabana magurudumu lisije likayagonga kwa kishindo yaliyotangulia, na reli zimekwisha kugeuzwa ili liingie njia yake. Mabehewa ya kutosha yakikusanyika, yanaungwa na kuwa treni mpya.

Mimi hapo namwona mama amekaa barazani na shada la mchicha mapajani: jani sufuriani, shina kando, moja moja, hata shada liishe. Treni nayo hukwisha vivyo hivyo kileleni. Kitendo hicho Waswahili wana jina lake siku zote: kuchambua. Kupanga, ambako wengi hukukimbilia, kunafaa baadaye, shada likishafumuka.

Najua atatokea wa kusema kuchambua ni kuondoa taka, na behewa si taka. Lakini karafuu zikichambuliwa, makonyo, yaani vile vijiti vyake, hayatupwi. Hutolewa mafuta, nayo yana bei yake. Kiini cha neno ni kukitoa kimoja kimoja kilichochanganyika.

Basi andika “yadi ya kuchambulia mabehewa”. Hiyo -lia nimeiweka kwa makusudi: kauli ya kutendea ndiyo inayobeba mahali na chombo, kama tusemavyo kisu cha kukatia au jiwe la kunolea. Ukiiacha, sentensi itaeleweka, ila itakuwa imepungukiwa.

Nundu mwachie ng’ombe, maana huzaliwa nayo. Kilichoinuliwa na watu kwa udongo ni tuta: twapandia viazi vitamu, na barabarani dereva apunguza mwendo akiliona. Bailey ina matuta mawili, moja la mabehewa yanayoelekea mashariki na jingine la yanayoelekea magharibi. Wewe wa Changamwe hutashindwa kulisema. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, na behewa, reli na stesheni yamo vinywani mwetu muda mrefu bila kamati yoyote kukaa.

Halafu umeandika “behewa zake”. Mazungumzoni wengi husema hivyo, lakini katika tafsiri iwe “mabehewa yake”; na likiwa moja, “behewa hili”, si “behewa hii”.