Usiache tiba kwa sababu ya daftari

Mdogo wangu, usiache. Umesema una miaka 19, umeshakwenda vikao vitatu vya CBT, yaani tiba ya fikra na tabia, kwa sababu ya hofu ya kuongea mbele za watu, na sasa unataka kuhama kwa mtaalamu "atakayenisikiliza tu, asiyenipa madaftari ya kujaza nyumbani". Nimesoma tumbo likanikata. Huyo ni mimi, miaka sita iliyopita.

Mimi huyo wa kunisikiliza tu nilimpata. Aliniambia kazi za nyumbani ni hiari, kubwa ni kutoa ya moyoni. Nikayatoa, kila wiki, miezi saba. Nikitoka pale najisikia mwepesi, kesho yake darasani moyo unanidunda vilevile. Ushauri wake ulikuwa mmoja: fikiria mazuri. Nikawa nasimama mbele ya kioo najiita jasiri, na siamini hata silabi moja. Muhula ule siku yangu ya kuwasilisha ilipofika sikutokea, niliandika kwamba naumwa, na somo nikalifeli. Lakini hilo la kufeli nililisamehe mapema. Kilichonigharimu zaidi ni kwamba nilikaa karibu miaka miwili nikiamini CBT imenishinda, kwamba mimi ndiye nisiyetibika. Kumbe sikuwahi kuipata! Mtu yule aliyaita mazungumzo yake CBT, akalipwa kwa jina hilo, na akaniacha naogopa mlango ambao ningepaswa kuugonga. Mpaka leo nikimkumbuka hasira inanipanda.

Aaron Beck alipoianzisha tiba hii Marekani miaka ya 1960, hakuwafundisha wagonjwa kuwaza mema. Aliwafundisha kulishika wazo kama dai: ushahidi wake uko wapi? Na ushahidi haupatikani kwenye kiti cha mtaalamu, mdogo wangu. Unapatikana nje, kati ya kikao na kikao, na daftari ndilo linaloubeba.

Mtaalamu wangu wa pili alinipa zoezi la kuuliza swali moja darasani. Kabla ya kwenda niliandika: "Sauti itatetemeka, watacheka, uhakika asilimia 90." Akaniuliza huwa nafanya nini ili nisiumbuke. Nikamwambia huwa nashika chupa ya maji, naandika swali lote kwenye karatasi na kulisoma bila kuinua macho. Akasema safari hii nenda bila chupa na bila karatasi, maana ukibaki navyo utasema vyenyewe ndivyo vilivyokuokoa. Nikaenda. Sauti ilitetemeka kweli. Aliyegeuka ni mmoja, na alikuwa anaokota kalamu yake. Mwalimu akajibu, akaendelea na somo. Jioni nikaandika safu ya pili, "kilichotokea", nikaziweka pamoja zile safu mbili nikalia. Zoezi la tatu nilitetemeka zaidi ya la kwanza, nikakaribia kuacha tena. Kufikia la nane niliandika asilimia 30.

Umeuliza pia kama unywe dawa. Hilo ni la daktari wako, ila CBT si tiba ya kubembeleza tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, wa watoto na vijana 488 wenye wasiwasi, ulikuta waliopata nafuu kubwa kwa CBT peke yake ni kama asilimia 60, kwa dawa ya sertralini peke yake 55, na kwa vyote viwili pamoja 81. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 24. Na vijana wale CBT yao ilikuwa na mazoezi ya kukabili wanachokiogopa.

Kama mtaalamu wako ni mkali au hakuelewi, mwambie hivyo kikaoni, na ukiona hasikii hama kwa amani. Ila hamia kwa mwingine anayetoa kazi za nyumbani, na muulize kabla hujakaa: "Wiki hii nitafanya nini nikitoka hapa?" Akikosa jibu, nyanyuka.

Na daftari usilijaze dakika kumi kabla ya kikao, najua unafanya hivyo. Leo usiku chagua kitu kimoja kidogo cha kesho unachokiogopa, andika unachotabiri na asilimia yake. Kesho jioni njoo utuambie hapa kilichotokea, nitakuwa nasubiri.