Maswali ya Wasomaji: Maji ya Jangwani ni ya nani?

SWALI: Mhariri, ninaishi Magomeni, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Kariakoo. Mvua za masika zikinyesha usiku kucha, asubuhi tunakuta askari wamefunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi hayavuki. Wengine husema ni kazi ya Mungu, wengine huwalaumu waliojenga mabondeni. Nani hasa anayewajibika?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na Mto Msimbazi, kwa sababu anayeitazama barabara peke yake hataelewa maji yanatoka wapi. Mto huo huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha huingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Jangwani ni uwanda wa chini wa mto huo, ambako maji yalikuwa yakitandaa tangu kabla ya lami. Kilichobadilika ni huko juu: vichaka vimekuwa mabati na sakafu za saruji, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi sasa hushuka yote kwa pamoja, yakibeba udongo wa kingo zilizochimbwa mchanga pamoja na taka za mitaa isiyofikiwa na magari ya taka. Mzigo huo hutua pale mteremko unapokwisha, yaani Jangwani, ukaziba mkondo chini ya daraja. Mitambo imechota mchanga huo mara nyingi, na mvua chache zikaurudisha. Bahari ikiwa imejaa wakati huohuo, maji ya mto hukosa pa kwenda.

Kuhusu wajibu, Barabara ya Morogoro ni barabara kuu, nayo iko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, wakati barabara za mitaa zimekuwa za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu mwaka 2017. Mto unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na taka ni kazi ya halmashauri. Kwa mgawanyo huo kila ofisi inaweza kukuelekeza kwa jirani yake bila kusema uongo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ugonjwa.

Hata hivyo, sikubali kwamba lawama zigawanywe sawasawa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na Serikali ikawahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ilikuwa tayari inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pamoja na hayo yote, mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi yakiwa na karakana yao kuu palepale bondeni. Mkazi aliyewekewa alama ya X ukutani, yaani nyumba yake ibomolewe, ana haki ya kuuliza karakana hiyo ilipimwa kwa kamba ipi.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, unaohusu daraja jipya lililoinuliwa pamoja na kuhamisha karakana. Daraja litakuvusha wewe, lakini mchanga wa Pugu utaendelea kushuka iwapo wachimbaji wa huko juu wataachwa.

SWALI: Jirani yangu amejaza kifusi mtaroni ili gari lake liingie getini, na sasa barabara ya mtaa wetu inageuka bwawa. Nimshtaki wapi?

JIBU: Mtaro ni sehemu ya hifadhi ya barabara, si ya mwenye geti. Zungumza naye kwanza, maana wengi hawajui kwamba kivuko cha getini kinahitaji kalavati au bomba pana linalopitisha maji. Akikataa, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya yako, ukiambatanisha picha zilizopigwa siku ya mvua. Fanya hivyo sasa kungali kukavu, kwa kuwa wakati wa masika fundi wa kufukua mtaro hatapata pa kusimama.