Ndiyo, nachora tatuu, na ndiyo kazi inayonilisha

Wiki hii kwenye grupu la familia mmeuliza tena: huko Leeds, Uingereza, nafanya kazi gani hasa? Shangazi kaongeza kwamba amesikia nakaa na wahuni nawachorachora. Nijibu hapahapa, msiendelee kuulizana pembeni.

Nachora tatuu. Si kwa kujificha: mimi na duka tumesajiliwa na halmashauri. Sindano ni ya mtu mmoja, ikimaliza kazi inaingia kwenye boksi la njano la taka za hatari.

Hela? Mshahara sina. Mteja akilipa, duka linachukua fungu lake, kodi ya serikali naipeleka mwenyewe, na siku nikiumwa hakuna anayenilipa. Januari ndiyo usiseme, watu wamemalizia zote kwenye Krismasi. Nilipokuwa nahudumia wazee kwenye makao yao, kipato kilikuwa cha uhakika zaidi. Lakini nilikuwa naamka nikiwa nimeshachoka. Sasa naamka nikiwaza mchoro.

Uanagenzi wenyewe haukuwa na malipo. Unadeki, unafuta vitanda, usiku unachora kwenye ngozi bandia. Aliyenifundisha ni Mwingereza mmoja mkali wa mdomo. Alinikataza kugusa mtu mpaka mstari wangu uache kutetemeka. Mungu ampe umri.

Juzi alikuja dada wa Kijamaika, mweusi kama sisi. Duka jingine lilimwambia rangi haikai kwenye ngozi yake. Inakaa! Ila wino unalala chini ya tabaka lenye weusi wetu, kwa hiyo rangi unaiona kama kitenge nyuma ya pazia: njano hafifu inapotea, nyekundu iliyokolea inaonekana. Mchoro uwe mkubwa kidogo, uachiwe nafasi, na mkono uwe mwepesi, maana ukirudiarudia palepale unamwachia mtu kovu lililovimba. Nilimuuliza kwanza kama makovu yake huwa yanaota keloidi, yaani kovu linaloendelea kuvimba na kukua. Hayaoti. Nikamchora ua la haibiskasi jekundu begani, naye akajipiga picha kabla hata sijamfunika plastiki. Wateja wa namna hiyo sasa wanatoka miji mingine kunifuata, na hapo ndipo nasema alhamdulillahi kwa kazi hii.

Halafu shangazi, bibi yetu kule Newala alikuwa na nembo usoni, amechanjwa na kupakwa masizi, na sijasikia mtu akimwita mhuni. Sisemi ni kitu kimoja. Ya kwake ilikuwa ya Umakonde na ilimuuma kuliko chochote ninachomfanyia mteja; yangu ni biashara. Ila usinitenge naye.

Na wewe mdogo wangu uliyenitumia meseji ya siri, eti nikija nikuchore simba kifuani: una miaka 16. Huku sheria ya 1969 inakataza kumchora aliye chini ya miaka 18, na mimi siibadilishi nikishuka uwanja wa ndege. Tena simba huyo uliyemtuma ana miguu mitano. Mchore upya.