Maswali ya Wasomaji: Nani alianzisha Ujiji?

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba Ujiji ulianzishwa na wafanyabiashara Waarabu, na wazee wetu husema kwamba Wajerumani ndio waliouangusha kwa kuipendelea Kigoma. Je, ndivyo ilivyokuwa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: La kwanza si sahihi, na la pili ni nusu ya habari. Waarabu na Waswahili wa pwani walianza kufika Ujiji yapata mwaka 1840, wakifuata njia ya misafara itokayo Bagamoyo kupitia Tabora, na walipofika waliwakuta Wajiji wakiwa na soko lao ufukweni, ambako samaki wa Ziwa Tanganyika na mawese vilibadilishwa kwa chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wageni hao waliukuza mji kwa biashara ya pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, ya watumwa waliovushwa kutoka Manyema, nchi iliyo ng'ambo ya magharibi ya ziwa, lakini mitumbwi na wapiga makasia walivikuta papo hapo.

Soko hilo lilikuwa na utaratibu wake wa fedha. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, alieleza kwamba watu walinunua kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwagawia wanunuzi kwa kubadilishana na shanga za aina nyingine, na lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida kwenda na kurudi. Kwa maoni yangu, habari hii inatufundisha mengi zaidi kuhusu Ujiji kuliko kule kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871, ambako ndiko karibu kila kitabu huishia.

Kuhusu kuanguka kwa mji, ziwa lenyewe lilitangulia. Maji ya Tanganyika yalikuwa yakipanda hadi karibu mwaka 1878, yalipouzibua Mto Lukuga, ulio ng'ambo ya magharibi na ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hilo, na katika miaka iliyofuata kina kikashuka kwa mita kadhaa. Kwa kuwa ufuko wa Ujiji ni tambarare, maji yalirudi nyuma sana, na ndiyo maana mnara wa kumbukumbu ya Livingstone leo uko mbali na maji. Pwani ya Ujiji, isiyo na kinga dhidi ya mawimbi, ilitosha kwa mitumbwi ya kuvutwa mchangani, bali meli zilihitaji kina na hifadhi, navyo vilipatikana katika ghuba ya Kigoma, kilomita chache tu kaskazini. Wajerumani walipoifikisha reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, waliimalizia huko, na mizigo ya ziwa zima ikaifuata.